Ukuta usioonekana kiwandani: kisa cha umeme tuli chini ya utando wa plastiki

Agosti 1980, ndani ya kiwanda cha kampuni ya 3M katika jimbo la South Carolina, Marekani, palikuwa na mahali ambapo mtu alitembea kawaida kisha akajikuta hawezi kuendelea. Hapakuwa na mlango, kamba wala kioo. Mbele yake ilikuwa hewa tupu, na juu yake utando wa plastiki ukipita kwa kasi. David Swenson, mtaalamu wa umeme tuli wa kampuni hiyo, alieleza kwamba alijaribu mwenyewe: aliegemea mbele kwa uzito wake wote na bado hakupita. Aliyefika hapo hata kugeuka hakuweza. Ilimbidi arudi kinyumenyume.

Swenson alikisimulia kisa hiki mwaka 1995, mbele ya wataalamu wenzake katika kongamano la kila mwaka la Marekani linalohusu madhara ya umeme tuli. Tangu hapo kimezunguka sana mitandaoni. Wapo wanaokishika kama ushahidi kwamba ngao za nguvu zisizoonekana zinawezekana, na wapo wanaokitupa kapuni pamoja na habari za visahani vinavyoruka. Naona pande zote mbili zimekuwa na haraka. Sehemu kubwa ya kisa hiki inaaminika bila taabu. Sehemu moja haiaminiki kama ilivyosimuliwa, na hiyo inaweza kupimwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari ataifuata. Kizuri zaidi ni kwamba hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini selotepu inang'ang'ania kidole na kwa nini punje za povu la kufungia vyombo hazitoki mkononi hata uzikung'ute vipi.

Tuanze na mashine. Kazi yake ilikuwa kukata utando wa polipropilini, plastiki ile ile ambayo hupakwa gundi ikawa selotepu ya kufungia maboksi. Gombo moja lilikuwa na utando wa upana wa mita 6 hivi na urefu wa kilomita 15. Utando ulifunguliwa kutoka kwenye gombo, ukapanda juu mita 6 hadi kwenye rola za darini, ukaenda mlalo mita nyingine 6, kisha ukashuka hadi kwenye visu vilivyoupasua vipande vyembamba na kuvikunja kwenye magombo madogo. Ukisimama chini yake unakuwa ndani ya hema: kuta mbili za plastiki, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na dari ya plastiki inayokimbia juu ya kichwa chako. Kasi yake ilikuwa mita 300 kwa dakika, sawa na mita 5 kwa sekunde.

Kila sehemu mbili zilizogusana zinapoachana, upande mmoja huondoka na elektroni za ziada na mwingine hubaki na upungufu. Kwa vitu vinavyopitisha umeme haidhuru, maana elektroni hurudi nyumbani kabla mwachano haujakamilika. Polipropilini haipitishi. Chaji, yaani ziada au upungufu huo wa elektroni, ikikaa mahali fulani juu yake, inakaa hapo hapo. Mtu anaweza kuuliza: plastiki ikiachana na plastiki ya aina ile ile, chaji itoke wapi? Jibu ni kwamba utando ule haukuwa sawa pande zote mbili. Uso mmoja ulitengenezwa tofauti na mwingine, na tofauti ya uso inatosha kuwafanya ndugu wa damu wagawane elektroni bila usawa. Ongeza rola ambazo utando unazigusa na kuziacha njia nzima, na tayari una mtambo wa kuzalisha chaji ambao hakuna aliyekusudia kuujenga.

Ukubwa wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Utando wa upana wa mita 6 ukienda mita 5 kwa sekunde unafungua mita za mraba 30 kila sekunde. Tukikisia kwamba kila mita ya mraba inabeba mikrokulombi 10 za chaji, kiwango ambacho plastiki ya aina hii inaweza kukifikia, mashine inasukuma mkondo wa mikroampea 300 bila kukoma. Zile mashine za Van de Graaff za maabara za shule, zenye mkanda wa mpira na tufe la chuma linalosimamisha nywele za wanafunzi, hutoa mikroampea chache tu. Robert Van de Graaff aliijenga ya kwanza mwaka 1929 kwa kutumia wazo hili hili: mkanda wa kihami, kitu kisichopitisha umeme, unaobeba chaji kutoka mahali hadi mahali. Kiwanda kile kilikuwa na mkanda wa namna hiyo wenye upana wa chumba kizima, na mtu alikuwa akitembea ndani yake.

Ndiyo maana sishangazwi na sehemu ya kisa inayosema kwamba kipimo cha mkononi cha Swenson, ambacho mwisho wake ulikuwa volti 200,000 kwa futi, kiliruka hadi mwisho alipokuwa bado mbali na mashine. Kwa mita, hiyo ni kama volti 650,000. Wala sishangai kusikia kwamba meneja wa uzalishaji, ambaye hakuamini hadi alipoletwa, alisimama nywele zake fupi za kipilipili alipoingia chini ya hema. Nywele ni nyepesi, na uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji huvuta na kusukuma, ukiwa wa kiasi hicho hauchagui nywele ndefu wala fupi.

Jambo la unyevu linahitaji kutuliwa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanaokosoa kisa hiki wanaponasa. Meneja alipoletwa mara ya kwanza, ukuta haukuwepo. Wafanyakazi walikuwa wameshagundua kwamba unajitokeza asubuhi na mapema, hewa ikiwa kavu zaidi. Walirudi siku nyingine alfajiri na ukuta ulikuwepo. Mkosoaji anasema: South Carolina mwezi Agosti ni joto na majimaji, na nje ya jengo unyevu wa kadiri huwa juu zaidi alfajiri, si mchana. Hoja hiyo ni sahihi kwa hewa ya nje. Lakini mashine haikuwa nje. Jengo lililofungwa milango usiku kucha huku vipoza hewa vikifanya kazi hukausha hewa yake, na mchana milango inapofunguliwa na watu kuingia na kutoka, hewa nzito ya kiangazi inaingia nayo. Haya ni maelezo yangu, hayamo katika masimulizi, ila yanatosha kuondoa mgongano.

Kuna dhana nyingine ya kurekebisha hapa. Watu husema umeme tuli hupotea wakati wa unyevu kwa sababu hewa yenye unyevu hupitisha umeme. Haipitishi, au inapitisha kidogo mno usiweze kuihesabu. Kinachotokea ni kwamba mvuke huacha utando mwembamba wa maji juu ya vitu, maji hayo huyeyusha chumvi na uchafu uliopo, na chaji hupata njia ya kutambaa juu ya uso huo hadi ardhini. Polipropilini yenyewe hukataa maji, hivyo haiathiriki sana. Rola, vumbi, sakafu na soli za viatu vinaathirika. Viatu na sakafu tuviweke akilini, tutavirudia.

Sasa ukuta. Ili tuupime tunahitaji kujua nguvu kubwa kuliko zote ambayo umeme tuli unaweza kuitoa ndani ya hewa, na hapa hewa yenyewe inatusaidia. Hewa ya kawaida huvumilia uga wa hadi volti milioni 3 kwa mita, sawa na volti 30,000 kwa kila sentimita. Ukipita hapo inapasuka: elektroni zilizo huru zinapata kasi ya kung'oa nyingine kutoka kwenye molekuli, nazo zinang'oa nyingine, na hewa iliyokuwa kihami inakuwa njia. Tunaona cheche au mng'ao wa samawati, na chaji inatoroka. Kwa hiyo haijalishi mashine ni kubwa kiasi gani, mkanda ni mpana kiasi gani au gombo lina kilomita ngapi. Uga hauwezi kupanda juu ya dari hiyo kwa sababu hewa haitauruhusu.

Nguvu ambayo uga huo unaweka juu ya kila mita ya mraba ya uso wa kitu kinachopitisha umeme, na mwili wa binadamu unapitisha vya kutosha, ni nusu ya 8.85 × 10⁻¹² ikizidishwa kwa uga, kisha ikizidishwa tena kwa uga huo huo. Weka milioni 3 mahali pa uga. Jibu ni paskali 40, yaani nyutoni 40 kwa mita ya mraba. Mbele ya mtu mzima, kuanzia paji la uso hadi miguuni, kuna kama mita ya mraba 0.7. Nguvu yote kwa jumla inakuwa nyutoni 28, karibu uzito wa kilo 3.

Kilo 3 si kitu kidogo ukiwekewa kifuani ghafla na mkono usiouona. Lakini si ukuta. Mtu wa kilo 70 anayeegemea mbele kwa nyuzi 10 tu, mwegemeo wa kawaida wa mtu anayesukuma gari lililokwama, anahitaji kitu cha kumzuia kwa nyutoni 90 hivi kifuani ili asianguke. Nyutoni 28 zinamshikilia akiwa ameegemea nyuzi 3. Nyuzi 3 hata jirani yako hatagundua kwamba umeegemea. Njia nyingine ya kuona udogo wa paskali 40 ni upepo: upepo wa mita 8 kwa sekunde, kilomita 30 hivi kwa saa, unakusukuma kwa kanieneo hiyo hiyo. Ni upepo wa kupeperusha vumbi na kutikisa matawi, na watu huenda sokoni ndani yake bila kulalamika.

Na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, ambacho mwili wa mtu hauwezi kukifikia wote kwa pamoja. Mtu akisimama wima ndani ya uga unaotoka juu, kichwa chake huukusanya. Uga ulio karibu na utosi unakuwa mkubwa mara kumi na zaidi kuliko ule uliopo pembeni ambako hakuna mtu. Maana yake, hewa ya utosini inapasuka wakati uga wa jumla bado ni sehemu ndogo tu ya ile milioni 3, na chaji inaanza kuvuja kupitia ncha za nywele kwa mlio hafifu. Kile kipimo kilichofika mwisho kwenye volti 650,000 kwa mita kinatuambia kwamba vichwa vya watu pale vilikuwa vikivuja. Sehemu nyingine za mwili, kifua na tumbo na mapaja, zilikuwa kwenye uga mdogo zaidi. Kwa volti 650,000 kwa mita, kanieneo ni paskali 1.9. Mbele yote ya mwili inapata nyutoni moja na kidogo. Mfuko wa chai wa gramu 100 una uzito wa karibu nyutoni moja.

Hata nguvu hizo ndogo zina tatizo la upande zinakoelekea, na hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi. Fikiria tena lile hema. Ukuta wa kushoto na wa kulia zina chaji ya aina moja, kwa sababu ni utando ule ule. Katikati yao, mvuto wa kushoto na wa kulia unafutana. Kinachobaki ni uga wa wima, kati ya dari ya plastiki na sakafu. Mtu anayetembea kupita hema anapaswa kuhisi kitu kinamvuta juu, kwenye nywele na mabega. Nguvu ya kumsukuma mbele au nyuma kwenye njia anayotembea inapatikana mahali uga unapobadilika kutoka mdogo kwenda mkubwa, na mahali hapo ni mlangoni mwa hema, si katikati.

Kuna uwezekano wa aina mbili. Mtu aliyeunganishwa na ardhi, mwenye viatu na sakafu vinavyopitisha chaji, atavutwa kuelekea kwenye uga mkubwa. Ataingia kwa wepesi kidogo, na atahisi uzito anapotaka kutoka upande wa pili. Mtu aliyetengwa na ardhi, mwenye soli za mpira juu ya sakafu kavu, mambo yake ni mengine. Tuseme utando una chaji hasi. Chaji chanya ya mwili wake inapanda utosini na kuvuja hewani kuelekea kwenye utando, na yeye anabaki na ziada ya chaji hasi. Sasa yeye na utando ni wa aina moja, na wa aina moja husukumana. Huyu atazuiwa kuingia. Maelezo haya yanapatana vizuri na asubuhi kavu, kwani mchana wenye unyevu viatu na sakafu vingeivujisha chaji hiyo ardhini na msukumo ungetoweka. Lakini mwili wa mtu hauhifadhi chaji nyingi. Hata tukiukadiria kwa ukarimu, volti 100,000, chaji yake ni mikrokulombi 15 hivi, na ndani ya uga ule inapata msukumo unaokaribia nyutoni 10. Na msukumo huo ungekuwa mkali mlangoni kisha ukapungua kadiri anavyosogea ndani, hadi ukawa sifuri katikati kabisa. Masimulizi yanasema alikwama karibu na nusu ya njia.

Kwa hiyo kama kilichomzuia mtu ni msukumo halisi wa umeme, kilikuwa kidogo kuliko kilivyosimuliwa na kilikuwa mahali pasipo pake. Wengine wamependekeza kwamba viatu viligandamana na sakafu. Nimeijaribu hesabu hiyo pia: soli ya unene wa sentimita moja na volti 30,000 kati ya mguu na sakafu inatoa nyutoni 5. Kiatu hakigandi kwa nyutoni 5. Upepo wa utando nao utajwe, maana plastiki inayokwenda mita 5 kwa sekunde huburuta hewa. Kanieneo ya upepo wa kasi hiyo ni paskali 15, zaidi ya ile ya umeme tuliyoipata kwa kipimo cha Swenson. Huo pia hauzuii mtu, na tena unaelekea juu ukuta mmoja na chini ukuta mwingine, hauelekei kifuani.

Hukumu yangu ni kwamba kilichosimama katikati ya hema kilikuwa mwili wenyewe. Vuta picha ya ngozi inayopokea haya yote kwa wakati mmoja: kila unywele wa mikono, shingo na kope unavutwa, nguo inajitenga na mwili au kuushika, utosi unavuma kwa chaji inayovuja, cheche ndogo zinaruka kutoka puani au vidoleni kwenda kwenye chuma chochote kilicho karibu. Misuli hukaza yenyewe kabla akili haijaamua, kama inavyokaza mkono ulioguswa na cheche ya kitasa cha mlango. Ukiongeza msukumo wa kweli wa nyutoni chache, mtu atasema kwa uaminifu wote kwamba alizuiwa na akasukuma asipite. Sisemi Swenson alidanganya. Mtu anayejaribu kuegemea kitu huku mwili wake unakataa kwenda mbele hana njia ya kupima ni nyutoni ngapi zilizotoka nje yake na ngapi zilitoka kwenye misuli yake mwenyewe.

Upande wa pili wa hesabu ni wa kuvutia zaidi. Swenson aliona nzi akivutwa hadi kwenye utando, na akakisia kwamba pengine hata ndege angevutwa. Nzi wa nyumbani ana miligramu 12 hivi, na eneo lake ni kama milimita za mraba 20. Paskali 40 juu ya eneo hilo ni nguvu inayozidi uzito wake mara sita au saba. Nzi anaaminika kabisa. Ndege mdogo wa gramu 30 ni habari nyingine: eneo lake la sentimita za mraba 50 linapata nyutoni 0.2 tu, wakati uzito wake ni 0.3, na mabawa yake yana nguvu zaidi ya hapo. Ndege angeshtuka akaenda zake. Kitu kikikua, uzito wake hupanda haraka kuliko eneo lake, na umeme tuli unashika eneo. Mtu yuko mbali kabisa kwenye upande wa walioshindikana.

Vitu vya nyumbani viko upande wa nzi. Utando mwembamba wa kufunikia chakula una unene wa mikromita 10 hivi, na mita yake ya mraba haifikii hata gramu 10. Uzito wake juu ya eneo lake ni chini ya paskali 0.1, wakati umeme tuli unaweza kuweka hadi 40. Kwa utando huo, paskali 40 ni nguvu mara 400 ya uzito wake. Hauna namna ya kupinga. Punje ya povu ya milimita 4, ambayo karibu yote ni hewa, inavutwa kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wake zaidi ya mara 70, na ndiyo sababu ukiikung'uta hutua kwenye mkono mwingine. Fulana ya nailoni inayopanda mgongoni, vumbi linalorudi kwenye kioo cha runinga dakika chache baada ya kufutwa, karatasi ya plastiki inayokataa kuingia kwenye pipa: kote ni paskali chache juu ya vitu ambavyo havina uzito wa kuzijibu.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, chukua vipande viwili vya selotepu vya urefu wa kiganja. Bandika vyote juu ya meza moja, kunja ncha kidogo upate pa kushika, kisha vibandue kwa haraka, kimoja mkono huu na kingine mkono ule. Vishushe vining'inie, halafu visogeze. Kabla ya kugusana vitapinda na kukimbiana, ncha za chini zikitawanyika kama zinaogopana, kwa sababu vyote vimeachana na meza ile ile na kuondoka na chaji ya aina moja. Pitisha kidole kati yao na vyote vitageuka kukifuata. Ukibandua selotepu kutoka kwenye gombo lake haraka ndani ya giza kamili, macho yakiwa yameshazoea, kwenye mstari inapoachana utaona mng'ao hafifu wa samawati. Hiyo ni hewa inapasuka, ile dari ya volti milioni 3 ikifikiwa mbele ya macho yako kwa kitu cha mezani.

Je, dari hiyo ikiondolewa? Mwaka 2008 Carlos Camara, Juan Escobar, Jonathan Hird na Seth Putterman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha katika jarida la Nature jibu la swali hilo. Waliweka gombo la selotepu ya kawaida ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, wakaibandua kwa injini ndogo kwa kasi ya sentimita 3 kwa sekunde. Bila hewa ya kupasuka mapema, chaji ililundikana hadi elektroni zikavuka mwanya kwa nguvu ya kutoa eksirei, nyingi kiasi cha kupiga picha ya mfupa wa kidole. Gombo lililo kwenye droo yako halitoi eksirei, kwa sababu hewa iko kazini. Kisa cha kiwandani kinasomeka vizuri zaidi kikiwekwa kando ya hiki: kuachana kwa plastiki kunaweza kuzalisha makubwa sana, na hewa ndiyo inayoyakatiza.

Ukaidi wa polipropilini wa kuishika chaji umepatiwa pia kazi ya heshima. Kile kitambaa cha katikati ya barakoa za kuchuja za aina ya N95 ni nyuzi za polipropilini zilizotiwa chaji makusudi. Chembe ndogo ambayo ingepita kati ya nyuzi bila kugusa chochote inavutwa pembeni na kunaswa, na ndivyo barakoa inavyoweza kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe bila kumnyima mtu pumzi.

Kiwandani hatari ya kweli haikuwa ukuta. Ndani ya hema la ukubwa ule, uga wa volti 650,000 kwa mita unahifadhi nishati ya joule 400 hivi. Mashine ya hospitali ya kuushtua moyo hutoa kati ya 120 na 360. Salama ya watu ni ile ile tabia iliyoanzisha tatizo: plastiki haipitishi umeme, hivyo cheche inayoruka kutoka kwenye uso wake inaweza kukusanya chaji ya eneo dogo tu, na kwa kawaida hutoa milijoule chache. Kwa mtu hiyo ni mshtuko wa kutukanisha. Kwa mvuke wa viyeyushi vinavyotumika kupakia gundi ni moto, kwani mvuke mwingi wa aina hiyo huwaka kwa robo ya milijoule. Mtu aliyetengwa na ardhi, mwenye chaji mwili mzima, ni mbaya kuliko plastiki, kwa sababu yeye hutoa yote kwa cheche moja. Ningekuwa msimamizi wa zamu pale, ningewakataza watu kupita chini ya hema kwa sababu hiyo, hata kama wangepita bila kuzuiwa na chochote.

Dawa yake inajulikana na si ya ajabu. Fito zenye sindano kali huwekwa sentimita chache kutoka kwenye utando, zikatiwa volti nyingi zinazopishana kati ya chanya na hasi. Ncha zinapasua hewa kidogo kidogo, na utando unajichukulia ioni, yaani chembe za hewa zenye chaji, za aina unayoihitaji. Fito nyingine hazina umeme wowote, ni brashi za nyuzi za kaboni zilizounganishwa na ardhi, na uga wa utando wenyewe ndio unaozifanya zitoe ioni. Fito hizo zikiwekwa kila baada ya rola, chaji haipati nafasi ya kulundikana, na ndiyo sababu kuu hema lenye hali ya Agosti 1980 ni adimu kupatikana.

Anayetaka kumaliza ubishi angelazimika kulijenga upya bila fito, kwenye jengo kavu, na asitumie binadamu. Mdoli wa ukubwa wa mtu, aliyepakwa rangi inayopitisha umeme, juu ya kigari chenye magurudumu laini, akivutwa kupita hema kwa kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye mizani ya springi: mara moja akiwa ameunganishwa na ardhi kwa waya, mara nyingine akiwa ametengwa. Mizani isomwe kila nusu mita, kuanzia nje ya mlango mmoja hadi nje ya mlango wa pili. Mimi nategemea isome chini ya nyutoni 10 njia nzima, isome zaidi milangoni kuliko katikati, na ibadilishe mwelekeo kati ya safari ya kwanza na ya pili.